Wino wa Aina Mbili

Mimi ni fundi mizani, soko la Mbuyuni, Moshi.
Miaka kumi na tisa nasahihisha kilo za watu:
ya muuza dagaa aliyebandika sumaku chini ya sahani,
ya mama wa maharage, iliyopinda kwa kutu tu, bila hila.
Sikudhani siku moja nitakaa
kwenye benchi la Ustawi wa Jamii
nipimwe mimi.

Bi. Kokuhirwa alikuja Pasua Jumanne, bila kupiga simu.
Akahesabu madirisha. Akafungua bomba, akalisubiri.
Akauliza kipato, akauliza presha ya Anasia,
akauliza, mkigombana nani huanza kusemesha mwenzake?
Nikasema mimi. Anasia akasema yeye.
Akaandika majibu yote mawili.

Na kwa nini mnataka mtoto?
Jibu nililikariri wiki nzima,
likanidondoka kama nati ndogo kwenye majani.
Nikasema: nyumba hii ina kijiko cha ziada.
Hilo hakuliandika. Alifunika kalamu.

Kisha kungoja.
Barua ya mtendaji, barua ya mchungaji,
vipimo vya damu, alama za vidole polisi,
picha nne za pasipoti, zote nimenuna.
Masika ikauficha mlima wiki tatu,
na faili letu nalo.
Bibi yako akapiga simu kutoka Kibosho, swali moja tu:
"Huyo mtoto atazikwa kihamba cha nani?"
Mama, nikasema, hajazaliwa bado, unamzika?

Ulizaliwa Alhamisi, kabla ya adhana.
Aliyekuzaa alikuwa ameshasema, kabla ya uchungu,
akasema tena baada yake,
kwamba mikono mingine ikupokee.
Hakukutupa. Neno hili lisome taratibu,
maana mtaani wanalo lile lingine, jepesi mdomoni.
Alikukabidhi, mchana, mbele ya watu, kwa jina lake.
Wakampa muda wa kubadili nia.
Siku hizo Anasia hakugusa cherehani.
Alimwombea yule mwanamke.
Sikumuuliza anamwombea nini:
abadili, au asibadili.

Siku ya kukuchukua, upepo wa feni ukafunua ukurasa.
Jina lilikuwa limezibwa kwa karatasi,
ila mkia wa saini ulichungulia:
unaanza bluu, unamalizia mweusi.
Nikauliza, kalamu iliisha?
Bi. Kokuhirwa akaweka kiganja juu yake.
"Hiyo si yenu."

Si yetu, kweli. Lakini usiku naipima.
Labda wino ulikata.
Labda alisimama katikati ya jina lake mwenyewe,
akaenda dirishani,
aliporudi akakuta kalamu nyingine.

Kliniki wakakuning'iniza: kilo tatu na gramu mia mbili.
Nikaona sindano haikuanzia sifuri,
ilikuwa imezidisha gramu hamsini.
Mara ya kwanza katika kazi hii
nikaacha mizani iongope.

Miezi ya malezi ikapita, Bi. Kokuhirwa akija, akiandika.
Mahakamani jaji alisoma Kiingereza kirefu,
wewe ukapiga chafya, karani akacheka,
na ghafla ukawa Haikaeli, binti yetu,
kwa muhuri ulioloa wino kupita kiasi.

Jioni ile bibi yako akashuka na sufuria
lililofungwa khanga: mtori.
"Mzazi hali chakula kikavu."
Ya kihamba hakuyagusa.
Anasia akala nusu bakuli, akatua kijiko.
"Na yule," akasema, "nani alimpikia?"
Bibi yako akaenda kuosha sufuria
ambalo lilikuwa bado halijaisha.

Sasa una miaka minne. Unachora chini ya meza yangu ya kazi,
nyuma ya risiti za wateja.
Bluu ikikata, unachukua nyeusi,
unaendelea palepale.
Mimi nashika bisibisi hewani,
mteja ananiuliza, fundi, vipi?
Namwambia subiri kidogo.